Jina la Kwanza la Baba

Tagudin, Ilocos Sur,
9 Novemba 1997

Mpendwa mdogo wangu Crispulo,

Pokea salamu zetu huko Waipahu, wewe, Jovita na watoto. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na kwamba umeacha kubeba masanduku ya wageni hotelini kana kwamba una miaka ishirini. Umri wako naujua, maana mimi ndiye niliyekubeba.

Sisi tu wazima kiasi. Presha ya Mama inapanda na kushuka, lakini anakula. Shangazi Anacleta naye ni mzima kupita kiasi. Kahawa uliyotuma kwenye sanduku ameimaliza karibu peke yake, na ukimuuliza anasema imeliwa na mchwa. Nyama ya makopo tumeigawa kwa majirani kama ulivyoagiza, ila makopo mawili nimeyaficha.

Mvua za mwisho zilitupiga vibaya. Bati la jikoni liliruka likaangukia banda la nguruwe, nguruwe hakudhurika. Mpunga wa shamba la chini umelala, wa juu umesimama, kwa hiyo wali hautakosekana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua umelisubiri, nami nimekuwa nikilikwepa. Ni habari ya nishani ya Baba. Kaa chini usome taratibu. Nimeanza barua hii mara tatu na mara zote machozi yameharibu wino.

Unakumbuka tulivyokubaliana wiki ile ya mazishi ya Baba. Mama alisema hataki kitu kingine kwa Marekani, anataka ile nishani ya majeruhi tu, ile ya umbo la moyo wanayopewa waliomwaga damu vitani, aitundike karibu na picha ya Baba. Kila mwaka siku ya mashujaa, wenzake walipita barabarani vifua vikiwaka nishani, na Baba alisimama kando na fimbo yake, mguu ukiburuta. Nawe unakumbuka wahuni wa sokoni walivyokuwa wakimtania. "Mzee Silverio, yule nyati aliyekupiga teke alikuwa Mjapani?" Naye alicheka nao. Mama ndiye aliyekuja kulia nyumbani.

Basi niliandika maombi kama nilivyokueleza. Nilipeleka cheti cha daktari aliyeliona kovu la nyonga, na kiapo cha mzee mmoja aliyepigana naye chini ya Wamarekani kule milima ya Bessang mwaka 1945. Mwezi wa tatu ofisi ya jeshi lao ikajibu kwa adabu kabisa. Katika kikosi nilichokitaja hakuna askari aliyeitwa Silverio Dumlao. Hajawahi kuwapo.

Sikukuandikia wakati ule. Nisamehe. Niliona aibu, na kusema kweli niliingiwa na shaka. Niliketi na ile barua darasani baada ya watoto kuondoka, nikajiuliza kama wahuni wa sokoni walikuwa wakijua jambo ambalo sisi hatukulijua.

Nilimwonyesha Shangazi. Akanivuta nyuma ya nyumba, akatazama kama Mama yuko karibu.

"Umewapa jina silo," akasema.

"Jina silo kivipi, Shangazi? Baba hakuwa Silverio?"

"Alikuwa, baada ya sinia. Kabla ya hapo alikuwa na lake."

"Lipi?"

"Usinitie mdomoni lile jina, mwanangu. Lete karatasi."

Akaliandika kwa penseli, akaniacha nilisome, kisha akaitia karatasi jikoni motoni. Nami nakuandikia hapa ulione: Eustaquio. Baba yetu alizaliwa Eustaquio Dumlao, Crispulo. Nina miaka arobaini na saba, na ndiyo kwanza nalisikia.

Ya sinia unayajua, hata wewe walitaka kukufanyia ulipougua surua. Baba aliletwa nyumbani kwenye machela ya mianzi, kipande cha chuma kikiwa nyongani, homa imempanda, hajui mtu. Hema la madaktari lilikuwa limejaa, wakaambiwa wampeleke akafie kwao. Bibi Petronila akachukua sinia la mti la kupakulia wali, Shangazi akalishika juu ya kichwa cha mgonjwa, yeye binti wa miaka kumi na mitano, na Bibi akamwita mwanawe jina jipya ili mauti yakija kumtafuta Eustaquio yasimkute. Asubuhi ya tatu Silverio aliomba uji. Tangu siku ile jina la kwanza halikutajwa tena, maana kulitaja ni kuyaita mauti yarudi.

Na wewe ungekuwa Bibi usingethubutu kulitaja.

Lakini jeshi halikuwa na habari. Mwaka uliofuata karani alikuja na mashine yake ya kupiga chapa, akaweka meza uwanjani mbele ya kanisa, akaita watu wa kikosi mmoja mmoja. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi kati ya Bibi na Shangazi, mguu ameunyoosha. Karani akaita, "Dumlao, Eustaquio!" Shangazi anasema Baba alianza kuinuka. Bibi alimbana paja kwa kucha mpaka akaketi.

"Amekufa," Bibi akasema kwa sauti.

"Kwa majeraha?"

"Kwa majeraha."

Uwanja mzima ulimwona Baba pale, mzima, anapumua. Hakuna aliyefungua kinywa. Kila mmoja alikuwa na mtoto au ndugu aliyepitia chini ya sinia, na kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuliitikia jina lile. Karani akagonga mashine, akamfanyia Bibi ishara ya pole, akaita jina jingine.

Nilipoyapata hayo niliandika tena, safari hii kwa jina la kwanza, nikaeleza yote kama yalivyo. Nilifikiri wataniona punguani. Jibu lilifika tarehe ishirini na nane Oktoba. Nakufasiria mstari mmoja tu, maana mwingine sina nguvu ya kuuandika: Eustaquio Dumlao alifariki kwa majeraha mwezi Juni 1945, na nishani yake ilikwisha kutumwa mwaka 1947, ikapokelewa na mama yake mzazi, ambaye alitia dole gumba.

Ilikuja, Crispulo. Ilikuwa hapa hapa Tagudin kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

Nilikaa na siri hiyo siku nne. Kisha ikafika siku ya marehemu, sote tukaenda makaburini na vifagio, mishumaa na vyakula vyao. Mama alimwekea Baba wali wa kunata na gilasi ya mvinyo wa muwa, akamlalamikia kuhusu bati la jikoni. Mimi nilimfuata Shangazi, ambaye alikuwa amekwenda peke yake kwenye kile kijiwe cha kando ya ukuta kisicho na maandishi. Sisi tuliambiwa ni kaburi la kichanga cha Bibi kilichozaliwa kimekufa. Nikamsomea barua ya ofisi pale pale. Hakushtuka. Alikipapasa kile kijiwe.

"Imo humu," akasema.

"Nini?"

"Hiyo yenu mnayoitafuta. Mama yangu aliposomewa karatasi, kwamba ni ya fulani aliyekufa, alipiga yowe. Alisema mauti yamemfuata mwanawe mpaka mlangoni kwa posta. Akaitia kwenye mtungi wa siki, akaja kumzika yule wa jina la kwanza, ili yaone kaburi yaridhike. Karatasi nyingine zote zilizofuata alizirudisha."

"Na Baba alijua?"

"Sasa shimo unafikiri alichimba nani, mimi?"

Mdogo wangu, nilikunja ile barua. Baba alichimba kwa mikono yake, kwa mguu ule mbovu, akaifukia heshima yake mwenyewe ili mama yake apate usingizi. Halafu Bibi akafa mwaka 1958, naye bado hakuifukua. Shangazi alimuuliza siku moja, akajibu kwamba alimwahidi mama yake, na ahadi haikuzikwa naye.

Sikujua kwamba Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na mshumaa mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Chimbeni," akasema.

Shangazi akasema mama yake alikataza, jamani, ni hatari.

"Hatari kwa nani, Anacleta? Mtu wetu wa kumwogopea amekwisha kufa. Chimbeni."

Mlinzi wa makaburi akatuazima jembe. Mtungi haukuwa mbali, kama dhiraa moja. Ulikuwa umepasuka ubavuni, udongo umeingia, utepe umeoza wote, karatasi imekuwa tope. Nishani yenyewe ipo. Imeshika kutu ya kijani, lakini ukiisugua umbo la moyo linaonekana, na nyuma wamechonga jina. Hawakukosea hata herufi moja.

Mama aliisafisha kwa upindo wa gauni lake. Hasomi vizuri bila miwani, unajua, kwa hiyo alipitisha kidole na kuniuliza pameandikwa nini. Nikamsomea. Nilisema kwa sauti, na Shangazi akajifunika uso kwa kitambaa. Mama akalirudia polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake. Alimjua Baba mwaka 1948, akaolewa naye mwaka 1949, na muda wote huo hakuwa amewahi kulisikia.

"Huyu Eustaquio," akamuuliza Shangazi, "alikuwa kijana wa namna gani?"

Shangazi akafunua uso. "Alikuwa mwimbaji. Usiku wa harusi za watu hawakumwacha alale. Alipiga gitaa, alikuwa na utani hata kwa padri. Mama yetu alikuwa akimpigia kelele, Eustaquio, nyamaza watu wapumzike!"

Crispulo, wewe uliwahi kumsikia Baba akiimba? Mimi sikuwahi. Hata kanisani alichezesha midomo tu.

Mama aliigeuza nishani kiganjani. Kisha akasema, "Huyo mimi sikumkuta." Akaanza kulia, na sijawahi kumwona akilia vile, hata siku tulipomshusha Baba kaburini. Alilia kama mjane mpya, na nadhani ndivyo alivyokuwa.

Sina jambo lingine la kufanya na ofisi. Nimewaandikia asante na kuwaambia nishani imepatikana. Mama haitaki ukutani tena. Anaiweka mfukoni mwa gauni, na nikipita mlangoni namsikia anasema jina lile chini chini. Kuhusu jiwe la kaburi la Baba, amesema tuchonge majina yote mawili, na fundi anataka jibu kabla ya Krismasi. Niambie kama unakubali.

Nimebakiwa na moja, nalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, siku ya mashujaa, watoto wa shule walinicheka njia nzima kwa ajili ya nyati yule. Nilifika nyumbani nikamkuta Baba mezani. Nikamwambia, "Kama kweli ulipigana, nishani yako iko wapi?" Akasema ipo. Nikamuuliza tena iko wapi, akasema ipo tu, mwanangu. Nikamwambia, "Baba, wewe ni mwongo." Nilimwambia hivyo mbele yako, wewe ulikuwa mdogo, pengine hukumbuki.

Bibi alikuwa amekwisha kufa miaka mitatu nyuma. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta hapo hapo mgongoni mwake, na makaburini ni mwendo wa robo saa. Hakuinuka. Alimega kichwa cha samaki, kile alichokipenda yeye, akakiweka kwenye sahani yangu, akaniambia nile kabla hakijapoa. Nami nikakila.

Msalimie sana Jovita, na Darwin, na Maricel mwambie shangazi yake anasubiri picha ya mahafali. Shangazi Anacleta anakusalimu na kusema mchwa wa huku wanapenda kahawa ya kopo jekundu. Mama anakubariki, ameniambia niandike kwamba anakuwekea mkono kichwani. Mungu akulinde katika njia zako zote, na akurudishe kwetu ungali na nguvu za kucheka.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyekubeba mgongoni,

Leonila