Pini ya Njano Getini Kwetu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, wifi na watoto. Natumaini mgongo wa wifi umepoa, na yule mdogo ameacha kula chaki. Tangu tukiwa wadogo tulifundishwa kuandika kwamba sisi wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Leo nageuza. Nyinyi sina wasiwasi nanyi hata kidogo. Hofu yote iko huku, imekaa nami mezani ninapoandika. Ni Jumamosi saa nane mchana, na saa kumi nina mahali pa kwenda. Nataka nikutangulizie haya kwanza, maana nikirudi huenda sitakuwa na ujasiri. Ningekupigia simu, lakini nakujua: ukinisikia ninalia utaanza kutoa amri kabla hujasikia nusu.

Nilikwambia kwamba mtaa umeunda kamati ya mipango, na mimi karani wa shule nikatwishwa ukatibu kwa kosa la kuwa na mwandiko mzuri. Mwenyekiti ni yule muuguzi mstaafu, mama asiyetaka mchezo. Alisema safari hii hatuchorewi mtaa na mtu wa ofisini. Tutauchora wenyewe, kuanzia mtoto wa chekechea hadi mzee wa mkongojo. Tulikubaliana tuwe na njia moja ya miguu kutoka nyumba za bondeni hadi shuleni na zahanati, isiyopita gari, yenye kivuli kwa wenye watoto wachanga na mabenchi ya wazee kupumzikia. Kilichobaki ni kuamua ipite wapi, nyuma ya mashine ya kusaga au mbele ya geti letu.

Basi ramani kubwa ikatandikwa juu ya madawati manne, na kila mtu akapewa pini ya kuchomeka mahali anapopaogopa. Nyekundu zilikuwa za watoto, bluu za wazazi, njano za wazee. Mwenyekiti aliahidi kwamba pini haiulizwi jina. Tulicheka sana siku ile. Kinyozi alitaka kuchomeka ya kwake kwenye nyumba ya mama mkwe, akaambiwa uoga wa aina hiyo kamati haiuwezi. Baba naye alikuja, amechana nywele, amevaa koti lake la reli. Mimi nilikuwa nagawa maji ya kunywa, sikuangalia nani anachomeka wapi.

Ramani nilikuja nayo nyumbani nihesabu. Nyuma ya mashine ya kusaga palikuwa na pini tatu. Mbele ya geti letu palikuwa na nyekundu kumi na nne, na njano moja katikati yake. Nilikaa sakafuni kama mtoto.

Wewe Baba unayemsikia kwenye simu ni mzima. Anakusalimu, anakuuliza habari za matairi ya gari lako, anakutania kitambi. Dakika tano hizo anazimudu. Usiyoyasikia ni ya saa saba mchana, watoto wa madarasa ya chini wanapotoka shule. Hapo Baba husimama getini, na kichwa chake hurudi kule kwenye kivuko cha reli, alikofungua na kufunga geti miaka thelathini na mmoja bila kugongwa hata kuku. Anawaambia watoto treni inakuja. Hakuna reli mtaa huu, unajua mwenyewe. Anawavuta ndani ya ua, anasukuma komeo, anawaamuru wanyamaze hadi ipite. Mwanzoni walidhani ni mchezo, wakamwita Mzee Treni, na mimi nikacheka nao. Siku hizi treni yake inachelewa sana kupita. Anawashika mikono mpaka wanabaki na alama, kwa sababu kwake yeye anawaokoa.

Nilijitia hamnazo, kaka. Nilisema ni uzee, ni joto, nitampeleka hospitali likizo ikifika. Likizo mbili zimepita.

Mwezi uliopita nilirudi kutoka kazini saa kumi na moja, nikamkuta anakunywa chai, ametulia. Barabarani yule mama fundi cherehani, jirani yetu, alikuwa anamwita bintiye, yule wa miaka sita tunayemtania Kibogoyo kwa meno ya mbele yaliyong'oka. Sauti yake ilikuwa imekwisha kukauka. Nikatazama stoo ya uani. Ilikuwa imefungwa kwa nje. Kibogoyo alikuwa mle ndani tangu saa saba, amekaa juu ya gunia la mkaa, amejikojolea, halii tena. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama treni imeshapita. Baba alikuwa amemsahau. Nilimwosha, nikamrudisha kwa mama yake, nikasema alikuwa kwangu anachora na akapitiwa na usingizi. Mama yake alinishukuru. Mtoto nilimwambia hiyo ni siri yetu. Tangu siku hiyo akiniona anajificha nyuma ya cherehani.

Sasa sikia kamati iliamua nini. Jumatano tulikutana, ramani ikasomwa, ikaonekana pabaya kuliko pote ni nyuma ya mashine ya kusaga, na mbele ya geti letu hapana pini hata moja. Njia ikapitishwa kwetu kwa mikono yote. Kisha mwenyekiti akasema njia ya watoto inataka mtu mzima wa kuiangalia, na wazee wanataka kazi ya heshima, na nani zaidi ya mzee wa geti la reli? Watu walipiga makofi. Baba alipewa filimbi na kizibao cha rangi ya machungwa, na benchi la kwanza limechimbiwa getini petu. Jumatatu watoto sitini wataanza kupita. Jana nilimkuta analipaka komeo mafuta.

Bila shaka umeshaelewa. Ni mimi. Pini zile nilizing'oa moja moja na kuzihamishia nyuma ya mashine ya kusaga. Niliogopa watamchukua Baba, niliogopa watu watasema nini, niliogopa pini ya Kibogoyo itasema yale niliyomwambia ayafiche. Ile ya njano nilidhani ni ya yule bibi wa jirani asiyekosa la kulalamikia. Niliitupa kwenye kopo la vifungo.

Leo asubuhi nilikuwa namkata Baba kucha. Kichwa chake kilikuwa kimetulia kabisa. Akaniuliza kama kamati waliiona pini yake. Nikamuuliza pini ipi. Akasema ile ya njano, aliyoichomeka getini kwake mwenyewe nilipokuwa nagawa maji. Alisema kuna saa anajikuta ameshika mkono wa mtoto na hajui ni mtoto wa leo au wa zamani, na anaogopa. Kunitamkia mimi aliona haya. Akadhani watu wataisoma pini, watakuja kwa upole. Badala yake walimletea filimbi. Akasema kama mtaa mzima umeiona pini yake na bado umempa watoto awaangalie, basi huenda amepona.

Nilimwambia yote, kucha za mkono mmoja zimekatwa na za mwingine bado. Hakunigombeza. Alivua filimbi shingoni akaiweka mezani. Baadaye akaniuliza nyekundu zilikuwa ngapi. Nikamwambia kumi na nne. Akauliza kama ni watoto kumi na wanne. Nikasema ndiyo, Baba. Akasema hao ni wengi sana.

Saa kumi tunakwenda wote kwa mwenyekiti, na kutoka hapo kwa fundi cherehani. Sijui atanifanya nini, na ana haki. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Njoo, kaka, hata kwa siku mbili. Usije kunitetea, uje tu ukae naye.

Wasalimie wote hapo, mbusu yule mla chaki kwa niaba ya shangazi yake. Baba anakusalimu. Amekwisha vaa koti lake, amekaa mlangoni ananisubiri, na pini ya njano ameishika mwenyewe, ameniambia nisije nikaipoteza tena.

Ni mimi mdogo wako,
Karani