Jani Kwenye Ukurasa wa Bwana Harusi

Bulla Pesa, Isiolo

Kwako Baba Nafula,

Pokea salamu zangu kutoka huku penye jua lisilojua kupumzika. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao umenitangulia kuzeeka. Nyinyi mko aje? Goti la mama yako limepoa, au bado linatabiri mvua kuliko redio? Nafula anaenda shule bila kubembelezwa? Na kitinda mimba wetu, ameacha kula udongo? Usinijibu "wako tu sawa." Ukisema wako tu sawa, najua kuna mmoja ana homa.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kuta za ploti hii ni mabati, na nikikupigia simu kila chumba kinachangia. Juzi uliponiuliza kama nimekula, jirani alijibu kabla yangu. Tena kuna ndugu yako Wafula. Najua alipitia hapo nyumbani na lori lake akitoka Moyale, akanywa chai, akakuambia mke wako anapika miraa Isiolo na ameshtakiwa kwa wazee. Baada ya hapo ulinipigia ukaniuliza hali ya hewa. Siku iliyofuata ukaniuliza hali ya hewa. Baba Nafula, hali ya hewa ya Isiolo ni moja tu. Nikajua umeambiwa.

Basi pata habari kwangu mwenyewe. Ni kweli napika, na ni kweli niliitwa.

Kazi yangu unaijua kwa picha za simu tu, kwa hivyo vumilia nikueleze. Wanawake wa hapa wananiletea kwenye kiduka changu cha hapa plotini picha zao za harusi niwatengenezee albamu ya kubandika. Maua ya hina nayachora kwa kompyuta, ile kuukuu isiyo na herufi tano, nikifuatisha mkono wa bibi harusi mwenyewe kwenye picha. Nayachapa, nayakata kwa wembe, nayabandika moja juu ya lingine mpaka yanainuka kama yameota pale. Pembeni naweka kipande cha dira, lile gauni pana alilovaa, au uzi wa ushanga. Karatasi ya dukani haiwezi kubeba vitu hivyo vyote, inajikunja kama mtu wa kuumwa tumbo. Ndipo nikajifunza kutengeneza karatasi yangu. Nilijifundisha kwenye simu, kwa video za mama fulani ambaye simwelewi lugha, namfuata mikono tu.

Na karatasi hiyo inatoka wapi? Pale kona kuna Mama Kendi, Mmeru anayeuza miraa. Miraa inashuka kutoka Meru imefungwa kwa majani ya mgomba, na jioni majani yamejaa miguuni pake. Mimi nayaokota. Nayakatakata, nayachemsha na magadi kwa saa kadhaa, natwanga kwenye kinu pamoja na karatasi zilizoharibika za saiba, kule wanakochapishia watu barua, nachota rojo kwa fremu ya wavu, nakandamiza kwa mawe, naanika. Karatasi inatoka nzito, ya rangi ya chai ya maziwa. Printa inaitapika kila mara, lakini tunasuluhishana.

Mama Kendi hachoki kunicheka. "Wewe Mluhya, watu wananunua ya ndani, wewe unabeba nguo zake!"

"Ya ndani inaisha jioni," nikamwambia. "Nguo zitakaa kwa sanduku la mtu miaka na miaka."

"Kaa na nguo. Mimi nitakaa na pesa."

Siku moja nikitoa karatasi kwenye fremu, nikaona jani dogo la miraa limejilaza katikati. Halikutwangika. Lilikuwa limegeuka jekundu la kahawia, na meno yake madogo pembeni, jani zuri sana. Ningelibandua kwa kucha. Nikaliacha. Nikasema, hili ni pambo la bure, Mungu amelibandika mwenyewe. Na karatasi hiyo, kati ya zote, ndiyo niliyoichukua kwa ukurasa wa bwana harusi wa Kaltuma.

Kaltuma ni binti wa Mzee Galgalo, mfanyabiashara wa mbuzi kule Chechelesi. Aliposwa na kijana anaitwa Guyo, dereva wa malori ya mifugo. Mzee alikubali kwa sharti moja, mbele ya watu: Guyo aache miraa kabisa. Si kwamba mzee ni mkali bure. Baba yake mwenyewe aliuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine kwa ajili ya miraa. Mama wa mzee, nyanya yake Kaltuma, ambaye wote wanamwita Akko, husema, "Mume wangu alitafuna ng'ombe wote, na meno hakuwa nayo." Guyo akaapa. Nikah ikafungwa msikitini. Lakini kwa nyumba ile bibi harusi hasindikizwi siku hiyohiyo. Anabaki kwao mpaka wanawake wafanye sherehe yao, kisha ndiyo anapelekwa kwa mume.

Kurasa za Kaltuma tulizibandika mimi na yeye, pazia limefungwa, na tulipomaliza aliondoka na picha zote zilizobaki. Guyo alikuja siku nyingine kuleta picha yake moja. Alikaa kwenye kiti changu, akagusa gundi, akagusa wembe, akagusa kila kitu nilichomwambia asiguse. Kumbuka hilo la kugusa, maana ndilo lililomponza.

Siku ya sherehe albamu ikazungushwa kwa wanawake. Nilikuwa pale mlangoni, nimejiandaa kusifiwa. Wanafungua, wanaguna kwa raha, wanapapasa yale maua. Wakafika kwa ukurasa wa Guyo. Shangazi yake Kaltuma akasimamisha kidole.

"Hii nini?"

"Ua," mmoja akasema.

"Ua gani iko na meno?" Akalikwangua kwa ukucha, akalinusa. "Wallahi hii ni miraa!"

 Hapo wakaongea wote pamoja. Si Guyo alikaa pale dukani? Si alishika karatasi? Limemdondoka mdomoni, likashikwa na gundi! Ndani ya mwezi wa kiapo! Nikasema, "Jamani, hilo ni langu, lilitoka kwa karatasi." Nani alinisikia? Kabla chai haijapoa habari ilikuwa imemfikia mzee, naye akatoa neno: msichana haendi popote.

Kesho yake nikaitwa. Mzee Galgalo alikaa na wenzake wawili, Guyo amesimamishwa ukutani kama ngamia wa kuuzwa. Nikasalimia, nikaketi.

"Mama, wewe unatafuna?" mzee akaniuliza.

"Sitafuni, mzee. Napika."

Baba Nafula, hapo ndipo nilipoharibu. Mmoja wa wale wazee alipaliwa na chai. Kijana aliyekuwa akifunga mbuzi nje alikimbia na neno hilo, na nadhani lilifika kwa hoteli anapokula Wafula kabla sijamaliza kueleza. Nikaeleza magadi, kinu, fremu. Mzee akasikiliza vizuri sana, kisha akauliza, "Guyo amekupa nini useme hivyo?"

"Mathe, waambie," Guyo akaniomba. "Waambie mimi sijashika hiyo kitu."

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuulizwa. Guyo anatafuna. Nimemwona kwa macho yangu kwa Mama Kendi, anakuja kwa upande wa nyuma, kofia imeshuka, anaondoka na kifurushi ndani ya shati. Kwa jani lile hakuwa na kosa hata punje. Kwa mengine, sijui tungehesabu kuanzia wapi. Lakini wazee waliniuliza juu ya jani, na mimi nikajibu juu ya jani. Nilijiambia ya mdomo wake hayanihusu, ya karatasi yangu ndiyo yananihusu. Maana kama wakiamini karatasi yangu inaokota uchafu wa midomo ya watu, hakuna mwanamke Isiolo ataniletea tena uso wake niubandike.

Akko ndiye aliyemaliza maneno. Alikuwa nyuma ya pazia, akatoka na fimbo yake. "Mimi nataka ona na macho yangu. Kama huyu mama anapika karatasi, apike nikiona."

"Mama, ni kazi ya zaidi ya siku," nikasema.

"Mimi iko na kazi gani ingine?"

Wakaja kwangu Bulla Pesa: Akko, yule shangazi, na Kaltuma amejifunika mpaka macho. Ploti nzima ilitoka kuangalia. Maji yalikuwa yamekatika siku hiyo, nikanunua ya mkokoteni. Nikaokota majani kwa Mama Kendi mbele yao, Mama Kendi akitangaza kwa sauti, "Leo nimepata wateja wa heshima!" Nikachemsha. Moshi ukatupofusha wote. Shangazi, aliyekuja kunishika uongo, akachoka kukaa bure, akanyang'anya mchi akaanza kutwanga, akasema natwanga kama mtu anayebembeleza mtoto. Akko alitazama kila kitu. Nilipofikia kuchota rojo, akachukua jani moja la miraa kutoka kwa takataka, akalidondosha mwenyewe kwenye karai, akasema, "Sasa tuone."

Ilipoadhinia alasiri, Akko na shangazi wakaenda kusali chumbani kwa jirani. Kaltuma alikuwa na udhuru wake, akabaki na mimi. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na karai. Akafunua uso.

"Mama Nafula, jani si lake. Hiyo nimeona. Sasa niambie, anatafuna?"

Nilikuwa nakamua kitambaa. Nikaendelea kukikamua mpaka hakikuwa na maji tena. Nilifikiria kumwambia sijui. Nilifikiria pia Nafula wetu akiwa mkubwa, amekaa kwenye ndoo nyumbani kwa mtu asiyemjua, anauliza swali kama hilo.

"Nimemwona," nikasema.

"Mara nyingi?"

"Mara za kutosha."

Hakulia. Akaangalia lile karai. "Usimwambie Baba," akasema. "Baba akijua, ataamua yeye. Mimi nataka niamue mwenyewe."

"Na utaamua nini?"

"Niache kwanza, Mama Nafula. Si ni mume wangu?"

Nilitwanga na kuchemsha mpaka mikono ikavimba kumtoa yule kijana matatani, na kwa neno moja nikamrudisha. Usiku ule sikujua nilichokuwa nimefanya, wema au ubaya. Mpaka leo sijajua vizuri.

Karatasi ilipokauka, jani la Akko lilikuwa pale katikati, limejilaza, na meno yake. Akko mwenyewe akaipeleka kwa mwanawe. Mzee aliishika juani, akaigeuza, akasema tu, "Ijumaa msichana ataenda." Mimi hakuniomba msamaha, lakini aliniletea maziwa ya ngamia mtungi mzima. Nimeyanywa, na tumbo langu limeyajadili kwa kirefu.

Ijumaa Kaltuma akasindikizwa. Asubuhi yake alikuwa amenitumia ujumbe: nisibandike kitu kwenye kurasa za mwisho za albamu, ziachwe wazi, na albamu ikae naye chumbani. Nikampelekea mwenyewe. Akazihesabu zile kurasa tupu kwa kidole, taratibu, akafunga. Akaniambia, "Nimemwambia ajue ziko, zinasubiri picha za mume asiyetafuna. Atakayenijazia hizi kurasa ni yeye, au hakuna mtu."

Juzi Guyo alikuja dukani kunishukuru. Nilimwangalia shavu. Halikuwa na kitu.

"Mathe, uliniokoa."

"Niliokoa karatasi yangu," nikamwambia.

Akachezea ufunguo wa lori. "Ameacha kurasa wazi. Mpaka lini?"

"Mimi hakuniambia. Anayelala kule ni wewe."

Akasimama mlangoni. Kutoka kona Mama Kendi akamwona, akapiga kelele, "Guyo! Leo imeshuka mbichi kabisa!" Akasimama pale kama amepigiliwa misumari. Mimi nikainamia karai nikachota rojo. Alipoondoka sikuinua kichwa kuona amegeukia upande gani. Nilikuwa nimechoka, na pia niliogopa kuona.

Hiyo ndiyo habari ya miraa yangu. Hakuna pombe, hakuna polisi, hakuna mwanamume.

Nisalimie mama yako, mwambie asipande ngazi ya ghala. Nisalimie dada yangu mkubwa anayekusaidia na watoto, na umwambie naona kazi yake hata kama siioni. Nisalimie jirani anayetukamulia ng'ombe, na mwalimu wa Nafula, na wanawake wa kwaya, waambie sauti ya tatu isijazwe na mtu mwingine. Wafula msalimie pia, ila chai mpe bila sukari. Watoto washike masikio kwa niaba yangu, mmoja mmoja.

Na wewe, Baba Nafula, usiniulize tena hali ya hewa. Kama unataka kujua kuna nini kati yangu na huku, niulize. Kama unataka kujua nimechoka kiasi gani, na kama nataka kurudi, niulize hilo lenyewe, kwa maneno yake. Mimi mtu akiniuliza kitu, namjibu hichohicho alichouliza. Nimekaa muda mrefu nikisubiri uulize.

Ni mimi mkeo,
Nasimiyu