Mahali pa Kupanda Mkorosho

Ijumaa, mawingu tangu alfajiri

Rasharasha zinanyesha juu ya makuti, na cherehani nimeifunika kwa kitambaa ingawa kanzu za watu zinanisubiri. Leo nimekuwa mtu wa kukaa na kutazama tu. Jana jioni nilishuka kwenye lori nikitokea Mitole, na nusu yangu naona bado iko huko.

Mwenye nyumba anaitaka nyumba yake kabla ya Ramadhani. Aliponiambia sikuhuzunika. Nilifurahi kimoyomoyo, kama mtu aliyefunguliwa mlango ambao mwenyewe aliogopa kuusukuma. Miaka yote nimeshona hapa Lindi huku kichwani nikilima. Nainamia pindo la kanzu, naona matuta ya mihogo. Cherehani inalia, mimi nasikia mvua ikiteremka bondeni. Mke wangu, Mwanahawa, husema mimi ni mkulima hodari, kasoro jembe.

Naota mikorosho.

Mihogo na mtama ndiyo tutakayokula, najua. Lakini nikifumba macho naona miti. Naiona ikichanua, nasikia harufu yake ya asubuhi, tamu na nzito, na chini yake namwona binti yetu Salima, mtu mzima, anaokota korosho mimi nikiwa nimeshaondoka duniani. Baba yangu alifia kwenye nyumba ya kupanga. Sikurithi hata mche.

Nilikuwa na mahali pawili pa kuhamia. Mitole, ambako Mzee Saidi, rafiki wa marehemu baba, alikuwa ameniita. Na Kilangala, kwao Mwanahawa. Kwanza nilitaka kujenga kote kuwili, kijumba huku na kijumba kule, niwe natembea baina yake kama bwana mkubwa. Karani wa kodi, alipokuja kuchukua suruali yake, alinicheka sana. Alinieleza kwamba serikali huhesabu kila nyumba, na anayeshindwa kulipa hupelekwa kuchimba barabara. Mimi na kuchimba barabara hatufahamiani. Ikabidi nichague.

Nikachagua Mitole, na ni kiburi kilichochagua. Kilangala ni kwa Wamwera, na kwao mume ndiye anayehamia kwa mke. Ardhi hupitia kwa mama. Ningekuwa mkwe kila siku iendayo kwa Mungu, na mjomba wa Mwanahawa angenipangia hata pa kuanzia kulima. Mitole ningekuwa mtu mwenye kwake.

Na Mitole walinipokea vizuri mno. Jumbe alinipenda hata sijakaa, maana kila mlipa kodi anayeongezeka humpandisha machoni pa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Alikuwa ameshanichagulia pa kujenga. Mzee Saidi akanipeleka bondeni, kwenye ardhi ya ukoo wake: udongo mweusi, laini, wenye ubaridi. Akaniambia nilime nitakacho. Nilivua viatu nikasimama pale, nikasahau kama nina mtu pembeni.

Mfukoni nilikuwa na korosho tatu za mbegu. Mzee alipotangulia, nilichimba kwa vidole nikazifukia, nikasema bismillahi. Jioni tukiwa kwenye sinia la ugali nikawasimulia kwa kicheko, nikidhani nawafurahisha wenyeji wangu.

Hakuna aliyecheka.

Mikono ilirudi kwenye sinia polepole, na mazungumzo yakahamia kwa nguruwe wanaofukua mihogo. Asubuhi Mzee Saidi alinirudishia korosho zangu. Walikuwa wamezifukua, wakaziosha, wakazifunga kwenye jani la mgomba. Hakuniangalia usoni. Nadhani aliona aibu kunishinda.

"Kulima tumekukaribisha, mwanangu, hata miaka kumi," alisema. "Lakini ukipanda mti umedai ardhi. Na ardhi hii ina wenyewe."

Nilimwomba radhi, akanishika mkono. Nikaenda kwa jumbe, naye akasema yeye anahesabu watu na nyumba, ardhi waulizwe wenye koo zao. Akanisihi nihamie tu. Alisema mihogo inamtosha mtu kushiba, na kweli inatosha.

Jambo hili kila mtu wa pwani hii analijua. Hata mimi nilikuwa nimelisikia, lakini sikuwahi kuwa na ardhi ya kunifundisha. Juu ya lori, njia nzima, nilitazama mashamba yakipita na kila mkorosho niliouona nilijiuliza ni wa nani.

Leo baada ya sala nimemsimulia Mwanahawa, yeye akichagua mchele. Nilijiandaa kuchekwa, maana mke wangu hawezi kupitwa na utani. Hakunicheka. Aliendelea na mchele wake mpaka ungo ukabaki mweupe.

"Kwetu utapanda mpaka uchoke," akasema. "Ila haitakuwa yako. Itakuwa ya Salima."

Nimekaa na maneno hayo tangu hapo. Mitole nitalipa kodi kama mtu mwenye kwake, na sitakuwa na mti hata mmoja. Kilangala nitalipa kodi ileile kwenye ardhi ya mama mkwe, na mikorosho nitapanda nitakavyo. Nilitaka Salima airithi nikishakufa. Huko itakuwa yake nikiwa hai, na mimi nitakuwa wa kuipalilia.

Inaniuma. Nisidanganye hapa, inaniuma.

Salima amelala mkekani, mguu mmoja nje ya shuka. Nimemtazama kwa muda mrefu huku mvua ikinyesha. Nikajaribu, kwa ndoto zangu hizi za mchana, kumweka kwenye lile bonde la Mitole, penye ule udongo mweusi. Nimejaribu tena na tena. Kila mara namwona mtu mmoja tu amesimama pale bila viatu, na mtu huyo ni mimi.

Nimemwambia Mwanahawa apeleke habari kwa mama yake kwamba tunakuja. Ameniuliza aseme tunakuja kutembea au kukaa.

Nimesema kukaa.