Beberu wa Bi Mwatum

Faiza uko? Usipige, sauti sina. Soma tu.

Tumetoka kliniki ya sukari sasa hivi, mimi, mwanangu Muzdalifa na mama mkwe wangu Bi Mwatum. Kulikuwa na daktari mgeni. Muzdalifa akamuuliza kama iko siku ataacha sindano za insulini.

Daktari akasema kwao wanajaribu kupandikiza seli zinazotengeneza insulini. Wanazifunga ndani ya vifuko vidogo mno ili mwili usizishambulie. Nesi ndiye anatufasiria.

Mkwe akauliza seli zenyewe zinatoka wapi. Nesi akasema, "Nyengine za mnyama."

Mnyama!! Bi Mwatum akainuka: "Nna beberu wangu shamba, kule Paje. Kesho namleta, mchinjeni, mjukuu wangu apone."

Beberu, Faiza!! Kliniki nzima inasikia.

Nesi akainama. "Si mbuzi, bibi."

"Ng'ombe?"

"Si ng'ombe."

Hakumtaja nguruwe, wallahi hakumtaja. Tukajua wenyewe.

Bi Mwatum akavuta buibui lake, "Astaghfirullah", akanigeukia. Wote wakanigeukia. Wanangoja na mimi niseme hivyo hivyo.

Nlikuwa namtazama Muzdalifa. Kashika tumbo pale anapojichoma kila siku, pameshafanya sugu.

Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamuuliza daktari, "Lini?"

Nshafika nyumbani, nimekaa tu. Sihisi kitu, hata aibu.

Mbele ya mkwe wangu, Faiza. Nimeuliza lini.