Kemilembe Analinganisha Mawingu

Jumatatu, 2 Juni

Kemilembe wangu ndiye atakayechagua wingu. Yeye, mtoto wa hapa Ihanda, kati ya wahandisi wote wa ofisi yao huko Dar. Kahawa yote ya ushirika wetu, kila kinachopimwa na kila malipo, itaandikwa mawinguni, yaani kwenye kompyuta kubwa za kukodi zilizo mbali. Nilikuwa namenya ndizi, nimeacha. Karatasi ya daftari hili imeshika utomvu.

Jumanne, 3 Juni

Nimewatangazia akina mama wa jumuiya: mwanangu analinganisha mawingu. Jirani yangu Mama Asimwe akasema, "Basi mwambie asituletee la mvua, kahawa yangu iko mkekani." Wakacheka. Nikacheka nao. Wa kwake anaendesha bodaboda.

Jumatano, 4 Juni

Kemilembe kapiga simu. Nimeelewa hivi. Wingu la kwanza lina mashine kuu moja inayoandika, nyingine inanakili nyuma yake. Haraka sana. La pili lina mashine tatu, na neno halijaandikwa mpaka mbili zikubaliane. Nikamwambia hao ni wajomba kwenye mahari.

"Ndio hao, mama. Wanachelewa, ila wakishasema hakuna wa kugeuka."

Yeye anataka la wajomba. Bosi anataka la haraka. Ijumaa watayajaribu yote mawili: watazima mashine makusudi katikati ya kazi. Kahawa ikipotea kwenye wingu lake, kazi anapewa mwingine. Moyo mzito.

Ijumaa, 6 Juni

Hajapiga. Nimepalilia migomba ile ile mara mbili. Naogopa, na kuogopa si tabia yangu.

Baadaye. Kapiga. Kwenye wingu la haraka, mashine kuu ilipozimwa, ile ya nyuma ilikuwa haijanakili mizigo ya mwisho. Magunia yamepimwa na kwenye hesabu hayapo. Ni majaribio tu, lakini nimeumia kama ni yangu. Kwa wajomba, moja ilizimwa, mbili zikaendelea. Pole pole. Hakuna kilichopotea, hakuna kilicholipwa mara mbili. Bosi kakubali. Nimepiga vigelegele peke yangu shambani.

Jumapili, 8 Juni

Nimetulia. Wataanza na kituo chetu cha kupimia. Anakuja yeye, wenzake na bosi mwenyewe. Mkungu nimeshauchagua. Mama Asimwe atanisaidia kupika, mwanawe atawapokea stendi. Bosi nitamkalisha karibu nami, aone Kemilembe kafanana na nani.

Jumamosi wanakuja wote.