Ushuhuda wa Frida

Jumapili, 23 Juni 2002
Frida kasafiri tena. Kondoa safari hii. Ameondoka na basi la alfajiri, begi la majani ya chai begani, na lile gauni la bluu la semina. Nimekwenda ibadani peke yangu. Mama mchungaji kaniuliza, mwenzio yuko wapi? Nikasema kazini. Jumapili, kazini! Kwaya imeimba bila ile sauti yake ya pili. Wengine sijui kama wamegundua, mimi nimeisikia ikikosekana.

Nimesonga ugali, nikapakua sahani moja kama tulivyozoea, nikakaa upande wangu. Upande wake umebaki vilevile. Mjinga mimi.

Jumatano, 26 Juni
Karudi jana jioni. Nilikuwa nimemchemshia maji ya kuoga, nimepika mlenda wa karanga anaoupenda. Hakukaa! Kala amesimama, anaongea tu. Kondoa kapata watu wapya, wote wako chini yake, nao wataingiza wengine, na hao wengine... Bwana Anyitike, yule aliyemwingiza kwenye huu Mtandao wa kuuza chai ya dawa, kasema bado kidogo atapanda daraja la Dhahabu.

Zamani akitoka masijala alikuwa anavua viatu, ananiwekea miguu mapajani, ananisimulia nani kagombana na nani ofisini, na sauti zao anaziigiza. Nilikuwa nacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Namtaka yule Frida. Ndiyo, nimeandika. Namtaka mke wangu.

Jumatatu, 1 Julai
Upepo, baridi, vumbi puani. Nimeshinda Chamwino nikifungua pampu ya kisima, kisha nikapita kwa mama. Siku hizi haulizi tena habari ya mjukuu. Anauliza, "Frida anakula vizuri?" Mwaka wa saba huu wa ndoa, wote tunajua anauliza nini.
Nikasema anakula.

Ijumaa, 5 Julai
Nimemwambia Frida: kesho tukae nyumbani, mimi na wewe basi. Kasema kesho ana semina ukumbini, anayetaka kumwona aje huko. Alikuwa anatania. Lakini nimewaza — kwa nini nisiende? Wageni wa semina anawatazama machoni saa nzima. Mimi sijatazamwa hivyo tangu Pasaka.

Jumamosi, 6 Julai
Mwandiko mbovu leo, potelea mbali!

Nilikaa nyuma kabisa. Mbele yangu alikaa Damas, yule muuza kuku, jirani wa mama kule Chamwino. Hata yeye! Bwana Anyitike na suti yake akawa anazunguka jukwaani: "Tamka unachokitaka! Tamka!" Watu wanaitikia. Kisha ukaja ushuhuda, sawasawa na kanisani kwetu. Mtu anasimama, anaeleza alivyokuwa na alivyo sasa, watu wanapiga makofi.

Frida akapewa kipaza sauti. Jamani, alipendeza. Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. Akasema: mimi na mume wangu tumehangaika miaka yote bila mtoto, hospitali hii, hospitali ile. Nikaanza chai hii. Leo nasimama mbele yenu — nina mimba!

Ukumbi mzima ulilipuka. "Yotham, simama!" Nikasimama. Nani asingesimama? Nimelia mbele za watu, mwanaume mzima, na makamasi juu. Damas kanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Mke wangu ana mimba! Nimeambiwa pamoja na kadamnasi, lakini si nimeambiwa?

Frida kabaki na wageni wapya. Nimerudi peke yangu, nimetoa vifaa vyangu vyote vya pampu kwenye chumba kidogo, nimekifagia. Kinatosha kitanda cha mtoto, tena kina dirisha.

Jumapili, 7 Julai
Nimemkatalia kubeba ndoo. Kacheka, lakini siyo kile kicheko chake. Kaona chumba kidogo kimefagiliwa, kasimama tu mlangoni. Uchovu, nadhani. Wanasema miezi ya mwanzo wanachoka sana.

Jumanne, 9 Julai
Leo tumekula sahani moja! Nikaona ndiyo wakati. Nikauliza, kliniki unaanza lini?

Kakata tonge, kalishika tu mkononi. Kasema mimba bado haijaingia. Ila Bwana Anyitike kawafundisha lazima utamke kwanza kana kwamba umeshapata, ndipo kitu kinakuja. "Nimetamka kwa imani, Yotham. Na wewe ulisimama. Ulisimama! Tumetamka wote wawili."

Laiti angekuwa ananidanganya, ningegomba. Hadanganyi. Anaamini. Macho yake yalikuwa yananiomba nami niamini, na ameanza kunitazama tena, Mungu wangu, ameanza kunitazama! Kanimiminia kikombe cha chai yake. Chungu kama shubiri. Nimekunywa chote.

Jumamosi, 13 Julai
Mama yupo sebuleni! Damas kampelekea habari, na mama hakungoja. Kashuka kwenye basi na jogoo, unga wa uwele na furushi. Frida kapiga goti, "Shikamoo mama." Mama kamwinua upesi: "Marahaba, mwanangu, inuka. Kwa hali hiyo usinipigie magoti."

Furushi kalifungua mwenyewe. Ni mbeleko ya ngozi ya mbuzi, ile aliyonibebea mimi. Kaipaka mafuta upya, nyumba nzima inanukia. Kasema aliitunza juu, panya wasiifikie, na siku hizi alishaanza kudhani atazikwa nayo.

Nikakimbilia huku chumbani. Nimesema natafuta sweta. Naandika nimesimama.

Nikienda kusema kweli, namvunja mama moyo na namwaibisha Frida palepale. Nisiposema, mama atarudi Chamwino kuhesabu miezi. Na mimi? Mimi nataka iwe kweli. Ndiyo ubaya wenyewe.

Nawasikia. Mama anasema, "Inama nikufunge, tuone kama ngozi bado inashika."
Sema, Frida. Sema sasa hivi, mimi nitatoka nisimame na wewe.

Nimechungulia. Ameinama. Mama kaviringisha khanga, kaiweka mgongoni pake kama kichanga, anakaza kamba za ngozi. Frida ananyanyuka polepole, mkono mmoja nyuma, anaishikilia ile khanga isidondoke.

Anaimba. Wimbo wa kubembeleza, kwa ile sauti yake ya pili.

"Yotham! Sweta gani hilo? Njoo umwone mkeo!"

Sweta ninalo mkononi muda wote huu.