Furushi Kutoka Kiogoro

Kiogoro
3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Goti linasemaje na mvua hizi? Sisi huku tu wazima. Mkweo Obwocha anakusalimu, na Natasha kila siku anauliza nyanya atamletea lini ndizi za kuiva. Nimeona heri niandike, maana kwa simu siku hizi unaitikia "ndiyo, ndiyo" hata nikikuuliza umekula nini. Ogari wa duka atakuletea barua hii akirudi Suneka na bidhaa zake.

Mama, nyumba ya Nyamira imekwisha! Tunahama mwisho wa mwezi. Sikujua watu watatu wanaweza kulimbikiza vitu namna hii. Kabati halifungiki, chini ya vitanda kumejaa, stoo huwezi kuingia. Nimeapa takataka haitaingia nyumba mpya. Kila kitu nakishika mkononi najiuliza, nimekitumia mwaka huu? Kama sijakitumia, kiende. Nguo, mapazia, masufuria, mablanketi, vyote nimevifunga na kuwapa akina mama wa Dorkasi wa kanisa letu wawapelekee wasiojiweza. Nyaboke, kiongozi wao, alifurahi mpaka akanikumbatia. Moyo wangu ni mwepesi kabisa.

Najua sijafika huko tangu ujenzi uanze. Tukishahamia nitakuja kukuchukua uiombee nyumba. Je, kuna kitu unakosa? Usinifiche.

Binti yako,
Kwamboka


Suneka
11 Machi 2024

Kwamboka mwanangu,

Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili. Goti ni lile lile, tumezoeana. Mwambie Natasha ndizi bado ziko juu ya mgomba, avumilie kidogo.

Nimemshukuru Mungu kwa nyumba. Baba yako angekuwepo angevaa koti lake na kukaa sebuleni siku nzima bila kusema neno. Umefanya vizuri kuwakumbuka wasio na kitu.

Mimi sikosi chochote. Maliza kazi yako.

Mama yako


Suneka
25 Machi 2024

Kwamboka mwanangu,

Hamjambo wote? Mimi niko, kikohozi kidogo tu.

Nakuuliza jambo dogo. Lile blanketi la kijivu lenye ukingo mwekundu, nililokuletea hospitalini ulipomzaa Natasha, litakwenda Nyamira?

Mama yako


Nyamira
4 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Pole na kikohozi, kunywa maji ya moto na tangawizi. Sisi tumehama salama. Huku baridi ni kali kuliko Kiogoro, lakini nyumba ina nafasi hata sauti inarudi.

Blanketi liko, Mama. Ningeliachaje? Natasha analala nalo.

Maombi ya nyumba ni mwezi ujao. Jitayarishe.

Binti yako,
Kwamboka


Suneka
16 Aprili 2024

Kwamboka mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Kikohozi kimepungua.

Natasha halali na lile blanketi. Ninajifunika mimi.

Ngoja nikueleze, kwa sababu na mimi nilikudanganya. Mwezi wa pili upepo uling'oa mabati upande wa chumba changu. Mvua ikanyesha juu ya kitanda, matandiko yakaoza. Nilikwambia sikosi chochote kwa sababu ulikuwa unajenga, na sikutaka niwe mzigo mwingine kichwani mwako. Mzee wa kanisa alipouliza wajane wa kusaidiwa, nikakubali jina langu lisomwe. Nilijiambia wewe hutajua.

Sabato moja wakaja akina mama wa Dorkasi wa mjini na magunia yao. Tukaketishwa benchi la mbele. Tulipokwisha kupewa mafurushi, kiongozi wao akasema, "Vitu hivi vimetolewa na dada yetu Kwamboka wa Kiogoro, anayehamia Nyamira. Tusimame tumwombee."

Nikasimama. Nikafumba macho nikakuombea, furushi liko mikononi.

Mama Nyakundi, jirani yangu, alikuwa kando yangu. Akaniinamia, "Huyo si ni wako?"

Nikamwambia, "Hapana. Huyo ni Kwamboka mwingine."

Nyumbani nikafungua. Juu kulikuwa na blanketi. Chini yake, sweta lile nililokufumia ulipokwenda chuo, na mapazia ambayo bado yana vishikizo vyake. Nikakaa navyo kitandani. Ndipo nikakuuliza, nikitumaini utaniambia ukweli, ili angalau mmoja wetu aanze.

Sikuandikii nikulaumu. Kitu ni chako ukishapewa. Kinachoniuma ni kwamba nilikukana ndani ya nyumba ya Mungu, na Mama Nyakundi anajua nilidanganya. Akiniona njiani ananisalimia kwa upole, na upole huo nauogopa kuliko matusi.

Kwa maombi ya nyumba sitakuja. Ukiulizwa, sema goti.

Mama yako


Nyamira
30 Juni 2024

Mama,

Sijui hata nikusalimu vipi. Natumaini u mzima. Natasha na Obwocha ni wazima.

Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana. Acha niiandike tu.

Mwezi wa tano nilikuja Suneka. Hukuniona. Ulikuwa shambani, mlango umeegeshwa tu, nikaingia. Niliona karatasi ya nailoni uliyopigilia pale mabati yalipokuwa, na beseni juu ya kitanda. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Kisha nikasikia unakohoa unapanda na kuni. Mama, nilitokea mlango wa nyuma nikajificha kwenye migomba. Mimi, mwanamke mzima, mama wa mtoto. Ulipoingia ndani, nikateremka barabarani nikarudi Nyamira. Obwocha aliponiuliza hali yako nikamwambia hujambo.

Maombi ya nyumba niliyaahirisha, tukayafanya Jumapili iliyopita. Watu walijaa. Baada ya chakula Nyaboke akasimama kunisifu. Akasema kuna wajane huko Suneka wanaolala na joto kwa sababu yangu, na mmoja aliomba huku machozi yanamtoka. Watu wakapiga makofi.

Nikasimama. Sikujua nitasema nini. Nikasema, "Huyo mjane ni mama yangu."

Makofi yakakatika. Nyaboke akaketi. Mama mmoja akacheka kidogo akidhani ni mzaha. Nikawaambia nilitoa vitu ulivyonipa bila kukumbuka vilitoka kwako, kwamba sikujua una shida kwa sababu sikuja kuangalia, na ulipouliza nilikujibu uongo. Hakuna aliyeniangalia usoni. Walianza kuaga mmoja mmoja, chai bado iko mezani. Obwocha alikaa nje mpaka giza, halafu akasema, "Mimi ningekwenda na mabati siku hiyo hiyo. Kwa nini hukuniambia?"

Wewe ulisema ni Kwamboka mwingine. Tangu siku ile naona ulisema kweli. Obwocha anataka kuja na fundi. Mimi naogopa kuja mpaka uniambie kama bado naweza.

Kwamboka


Suneka
9 Julai 2024

Kwamboka mwanangu,

Salamu kwako, kwa Obwocha na kwa Natasha. Mimi ni mzima.

Siku ile nilikuona. Sketi yako ya bluu ilionekana katikati ya migomba kama bendera. Nilisimama mlangoni na kuni zangu, nikataka kuita. Nikaona nikikuita utaaibika zaidi, nikaingia ndani nikaanza kugonga sufuria ili upate nafasi ya kuondoka. Hata mimi sikukuita. Tumekuwa watu wa kujifichana, mtu na mamake.

Hayo uliyosema mbele ya wageni sikukutuma. Lakini nilipoyasoma nililia, kisha nikatoka nikaenda mpaka kwa Mama Nyakundi. Alikuwa anachambua mboga. Nikamwambia, "Yule ni wangu." Akasema, "Najua." Akanisogezea kiti, tukachambua pamoja.

Obwocha aje na mabati Jumatatu au siku yoyote atakayoweza. Wewe njoo Sabato hii na Natasha. Njoo asubuhi watu wakiwa njiani, mpite mbele ya duka la Ogari, usipite kwa nyuma. Tutakaa benchi la mbele.

Usibebe kitu mkononi.

Mama yako